Mtwara Hadi Bukoba: Umbali wa Ramani na Muda wa Mwananchi

Mtu akichukua ramani ya Tanzania, akaweka rula juu ya kiwanja cha ndege cha Mtwara na kuielekeza kwenye kiwanja cha ndege cha Bukoba, atapata mstari wa kilomita 1,360 hivi. Rubani, ambaye hupima safari zake kwa maili za baharini, ataandika 734. Majedwali ya kukokotoa umbali na muda wa safari za ndege, ambayo siku hizi humfikia kila mwenye simu ya mkononi, hugawanya umbali huo kwa mwendo wa ndege ya jeti, yakaongeza dakika chache za kupaa na kutua, kisha yakatoa jibu: saa mbili na dakika chache. Kihesabu jibu hilo halina kosa. Kasoro yake ni moja tu, nayo ni kwamba hakuna abiria wa kawaida anayesafiri kutoka Mtwara hadi Bukoba kwa muda huo.

Jambo hili laweza kuonekana dogo, la kuwashughulisha wanafunzi wa jiografia na watu wenye nafasi. Lakini katika nchi yenye ukubwa wa Tanzania, ambamo mwalimu aliyezaliwa Muleba hupangiwa kazi Newala, na karani wa mahakama aliyelelewa Masasi hupewa uhamisho kwenda Karagwe, muda halisi wa safari kati ya pembe hizi mbili za nchi ni sehemu ya masharti ya kazi. Huo ndio unaoamua kama mtumishi atafika kwenye mazishi ya mzazi wake au atafika kwenye arobaini. Huo ndio unaoamua likizo ya siku 28 itabaki na siku ngapi za kukaa nyumbani. Mhasibu naye, anapoandika masurufu ya safari ya kikazi, hana budi kujua atalipia usiku mmoja wa njiani, au miwili, au hata mmoja. Kwa watu hawa wote jedwali linalosema saa mbili ni sawa na mizani iliyopima kitu kingine.

Kitu hicho kingine ni ndege yenyewe, tena ndege ambayo haipo katika safari hiyo. Ndege za jeti zinazokwenda kilomita 800 kwa saa hazitui Bukoba. Kiwanja cha Bukoba ni kifupi, kimebanwa kati ya mji na maji ya Ziwa Victoria, na ndege za abiria zinazokihudumia ni zile za pangaboi, ambazo mwendo wake ni kati ya kilomita 500 na 650 kwa saa. Tukio la kuchukua wastani wa kilomita 550 linabadilisha hesabu mara moja: kilomita 1,360 zinakuwa saa mbili na dakika 28, kabla ya kuhesabu kupaa wala kushuka. Na kupaa na kushuka si jambo la kupuuza. Ndege inapopanda huwa nzito na mwendo wake ni mdogo. Inapokaribia kutua hupunguza mwendo, hugeuka ili ikabili upepo, na wakati mwingine huambiwa isubiri. Kati ya Mwanza na Bukoba pana kilomita 174 tu, ambazo kwa mgawanyo wa shuleni zingekwisha kwa dakika 19. Hakuna rubani atakayekubali kuandika dakika 19 katika ratiba yake.

Upepo nao una sauti yake. Juu ya nchi hii pepo za mashariki ndizo zinazovuma kwa muda mwingi wa mwaka, na hivyo ndege inayotoka pwani kwenda ziwani mara nyingi husukumwa kwa nyuma, na inaporudi husukumwa usoni. Upepo wa kilomita 50 kwa saa ukiisaidia ndege ya kilomita 550, safari ya Dar es Salaam hadi Bukoba huchukua saa moja na dakika 42 za kukata anga. Upepo huohuo ukiikabili, safari ya kurudi huchukua saa mbili na dakika tatu. Mwalimu wa hisabati aweza kuwapa wanafunzi wake swali hilo, nao watajifunza kwamba kwenda na kurudi si kitu kimoja hata kama barabara ya angani ni ile ile.

Hayo ni ya angani, na kwa kweli si makubwa. Makubwa yako chini.

Hakuna safari ya ratiba inayounganisha Mtwara na Bukoba moja kwa moja. Abiria hupitia Dar es Salaam. Hapo ndipo wengi hudhani kwamba sababu ya safari kuwa ndefu ni mzunguko, yaani kwamba msafiri analazimishwa kufuata pembe mbili za pembetatu badala ya moja. Hesabu inalikataa dhana hilo. Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam kwa anga ni kilomita 397. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni kilomita 1,024. Jumla ni kilomita 1,421, ambazo zinazidi mstari ulionyooka kwa kilomita 61 tu. Ndege ya pangaboi huzimaliza kilomita hizo kwa dakika zisizofika saba. Hata ndege ikiamua kutua Mwanza kabla ya kwenda Bukoba, njia hairefuki kwa zaidi ya kilomita mbili au tatu, maana Mwanza imekaa karibu kabisa na mstari wa kutoka Dar es Salaam kwenda Bukoba.

Basi mzunguko unamgharimu abiria dakika saba. Zilizobaki zote, ambazo ni saa nyingi na mara nyingine ni usiku mzima, zimepotea katika benchi la kusubiri. Ndege ya kutoka Mtwara ikitua Dar es Salaam adhuhuri, na ile ya kwenda Bukoba ikiwa imekwisha kuruka alfajiri, abiria hana la kufanya ila kutafuta ndugu wa kumlaza au nyumba ya wageni ya kumlipisha. Kesho yake ataamka kabla ya adhana, avuke jiji lenye msongamano, akae kiwanjani saa mbili nyingine. Ikiwa ndege ya Mtwara imechelewa kwa saa moja, na ile ya Bukoba imeondoka kwa wakati wake, tiketi mbili alizonunua mbalimbali hazijuani. Aliyeuza ya kwanza atasema amekwisha kumfikisha. Aliyeuza ya pili atasema hakumwona. Kwa msafiri huyo, dakika saba za ramani zimegeuka kuwa saa ishirini.

Linganisha na barabara. Kutoka Mtwara hadi Bukoba kwa basi, kwa kupitia Dar es Salaam, Dodoma, Singida na Kahama, ni karibu kilomita elfu mbili. Ni haki kukumbuka kwamba barabara hiyo nayo imepunguziwa mateso. Wazee wa Kusini hawajasahau kivuko cha Ndundu, ambapo msafiri aliyefika Rufiji wakati wa masika aliweza kukaa kando ya mto kwa siku kadhaa akingoja maji yapungue. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu mita 970, lilipofunguliwa mwaka 2003, umbali kati ya Mtwara na Dar es Salaam haukupungua hata kwa hatua moja kwenye ramani, lakini muda wa mwananchi ulipungua kwa siku nzima na zaidi. Mfano huo unatosha kuonyesha kwamba muda wa safari hukatwa kwenye vifundo vyake, na kifundo cha safari ya anga ya Mtwara na Bukoba kiko kwenye ratiba.

Kipo pia kifundo cha pili, nacho ni hali ya hewa ya Bukoba. Mji huo hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya ile ya Dodoma. Chanzo ni Ziwa. Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa ya nchi kavu hushuka kuelekea ziwani kutoka kila upande, hukutana juu ya maji yenye joto, na mawingu ya radi hujengeka. Pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea ufuko wa magharibi, na hivyo mvua nyingi ya Bukoba hunyesha usiku wa manane, alfajiri na asubuhi. Mchana, ufuko huo aghalabu huwa mweupe. Kila mkazi wa Kagera anajua jambo hili bila kusomeshwa.

Novemba 6, 2022, asubuhi, kabla ya saa tatu, ndege ya abiria aina ya ATR 42 iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa inajaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Walikuwamo watu 43. Walipona 24, na 19 walipoteza maisha yao, umbali mfupi tu kutoka ufukoni. Waliofika kwanza kuwasaidia walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Kabla ya hapo, Mei 21, 1996, meli ya mv Bukoba ilizama ikitoka Bukoba kwenda Mwanza na kuua mamia ya watu, na tangu siku hiyo jamaa nyingi za Kagera ziliona ndege kuwa ndiyo njia ya salama ya kutoka na kuingia nyumbani. Haifai mtu yeyote kuzungumzia muda wa safari za Bukoba kana kwamba ni suala la kuwahi tu. Ratiba inayoiagiza ndege ifike hapo katika saa ambazo ziwa bado limefunikwa na mawingu inamwongezea rubani mzigo ambao angeweza kupunguziwa na mtu aliyekaa mezani na kalamu.

Wataalamu watasema, na watakuwa wamesema kweli, kwamba ndege hairuhusiwi kuondoka bila mafuta ya kuifikisha kwenye kiwanja cha akiba, na kwamba Mwanza iko karibu. Watasema pia kwamba vifaa vya kumwongoza rubani, taa za njia ya kurukia, na kituo cha uokoaji chenye boti zake vina uzito kuliko saa ya kufika. Hapana ubishi. Mapendekezo ya kujenga kiwanja kingine huko Kajunguti, mbali kidogo na mji, yamezungumzwa kwa miaka mingi, na yanastahili jibu moja la mwisho, la ndiyo au la hapana. Lakini taa na kiwanja kipya vinataka fedha na miaka. Kubadili saa ya kuruka kunataka kikao.

Katika hilo hata jua linaweza kuitwa kama shahidi. Mtwara na Bukoba zinatumia saa moja, ile ya Afrika Mashariki, lakini ziko mbali kwa zaidi ya nyuzi nane za longitudo. Dunia huzunguka uzi mmoja kwa dakika nne. Hivyo jua la Bukoba huchelewa kwa wastani wa dakika 33 nyuma ya lile la Mtwara, kuchomoza na kuzama. Mpangaji wa ratiba anayerusha ndege kuelekea magharibi alasiri huzawadiwa nusu saa ya mwanga bila kuilipia. Anayerusha alfajiri hunyang'anywa nusu saa hiyo hiyo.

Lakini kwa nini iwe ni lazima kupitia Dar es Salaam? Jibu la haraka ni kwamba ndege hulala huko, mafundi wako huko, mafuta na vipuri viko huko. Jibu la pili ni la kihistoria. Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani ikaanzia bandarini mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, kwa shabaha ya kuleta mali pwani. Kusini, reli ya kutoka Mtwara hadi Nachingwea ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, na karanga zilipokataa kuota, reli ikang'olewa katika miaka ya 1960. Hakuna aliyewaza kwamba mtu wa Nachingwea angetaka kwenda Bukoba. Baada ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki kuvunjika mwanzoni mwa 1977, na Shirika la Ndege la Tanzania kuanzishwa Machi mwaka huo, ramani ya angani ilichorwa juu ya ile ya reli: kila mstari ukaanzia Dar es Salaam kama vijiti vya mwavuli. Kwa wakati ule, na kwa ndege chache zilizokuwapo, lilikuwa jambo la busara. Ndege za abiria 76 zilizoanza kununuliwa mwaka 2016 zimerithi mwavuli huo huo.

Sasa rula irudishwe kwenye ramani. Mstari wa kilomita 1,360 kutoka Mtwara hadi Bukoba unapita wapi? Unakatiza mbuga kubwa za kusini, unapanda kwenye nyanda za kati, na karibu kabisa na nusu ya safari unapita pasipofika kilomita 50 kutoka Dodoma. Mtwara hadi Dodoma ni kilomita 671. Dodoma hadi Bukoba ni kilomita 691. Anayetua Dodoma akienda Bukoba hajapotea njia hata kwa kilomita tano. Mwaka 1973 ilipoamuliwa kwamba makao makuu ya nchi yawe Dodoma, sababu iliyotajwa mbele ya nyingine zote ilikuwa kwamba mji huo uko katikati. Kwa wananchi wa pembe hizi mbili ukweli huo unapimika kwa rula ya mtoto wa shule, na tofauti ni kilomita 20 tu kila upande. Wizara zimekwisha kuhamia huko tangu uhamisho wa serikali ulipoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 2016, na kiwanja kipya cha kimataifa cha Msalato kimekusudiwa kuupa mji huo nafasi yake angani.

Kwa hiyo pendekezo linalofaa kutazamwa na wahusika ni hili: angalau mara moja au mbili kwa juma, ndege moja ya pangaboi ivuke nchi kutoka Mtwara hadi Bukoba kupitia Dodoma, na kurudi siku hiyo hiyo.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa watu wa biashara. Watauliza ni abiria wangapi wanaotoka Mtwara kwenda Bukoba kwa siku moja, na jibu la kweli ni kwamba ni wachache. Ndege yenye viti 76 haiwezi kurushwa kwa ajili ya mwalimu mmoja na mizigo yake. Pingamizi hilo lina nguvu, na shirika la umma linaloruka na viti vitupu linakula kodi ya wale wale ambao hawajawahi kupanda ndege. Lakini viti vya safari hiyo havitajazwa na wa Mtwara wanaokwenda Bukoba peke yao. Vitajazwa pia na maofisa wa mikoa ya Kusini wanaoitwa wizarani, wabunge, wagonjwa wanaopelekwa hospitali za Dodoma, wafanyabiashara wa korosho na wa kahawa, na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Dodoma, ambao hutoka kila pembe. Wengi wa hawa leo hulipiwa na serikali, pamoja na usiku wao wa Dar es Salaam. Mwenye kutaka kujua kama safari hiyo inalipa asihesabu nauli tu. Ahesabu na posho za kulala zitakazokoma kulipwa. Hesabu hiyo imo katika vitabu vya wahasibu wa serikali, na haihitaji mtaalamu kutoka nje kuitoa.

Ikiwa baada ya kuhesabu itaonekana kwamba safari hiyo bado haijilipi, kuna hatua nyingine isiyogharimu mafuta hata lita moja. Ratiba ya Mtwara na ratiba ya Bukoba zipangwe kwenye meza moja, ili ya kwanza itue Dar es Salaam kabla ya ya pili kuruka, na tiketi iwe moja, yenye kumlinda abiria pale ndege ya kwanza inapochelewa. Na katika kutangaza safari hizo, badala ya saa za angani, yatangazwe masaa kamili kutoka mlango wa kiwanja cha kwanza hadi mlango wa kiwanja cha mwisho, ili mkuu wa shule anayesaini ruhusa na mhasibu anayeandika masurufu wawe wanasoma namba moja.

Lakini ya Dodoma ndiyo bora, na muda wake unajulikana. Ndege ikiondoka Mtwara saa moja asubuhi, itatua Dodoma kwenye saa mbili unusu. Ikikaa hapo robo tatu ya saa, kushusha wa wizarani na kupakia wa Kagera, itafika Bukoba kabla ya saa tano, wakati ambapo kwa siku nyingi mawingu ya ziwani yamekwisha kuondoka ufukoni. Ikigeuka karibu na saa sita mchana, itapita tena Dodoma, na kwenye saa tisa unusu alasiri itakuwa imerudi Mtwara, jua likiwa bado juu.